Roboti za kwenye kompyuta nazo zipimwe kwa futi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nimesoma makala yenu kuhusu vijana wanaoshindanisha roboti ndani ya kompyuta na, kusema kweli, sehemu kubwa niliifurahia. Pamenikwama mahali pamoja tu: pale mwandishi aliposema roboti hizo zinapima umbali kwa usahihi wa sentimita moja, kisha akaendelea na mambo mengine. Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Kazi nimeisomea Chuo cha Ardhi hapahapa Tabora, na tangu enzi hizo sijazoea kupokea usahihi wa chombo bila kuuliza ulipimwa juu ya kitu gani, jua likiwa wapi, na nani alikuwa ameshika ncha ya pili ya tepu.

Msomaji atauliza mzee wa bikoni, yale mawe ya mipaka ya viwanja, na roboti wapi na wapi. Nina jirani hapa Isevya, binti wa chuo, ambaye yeye na wenzake wametengeneza kitoroli kinachojiendesha. Mwanzoni walikuwa wanakuja barazani kwangu kuazima futi, yaani tepu ya kupimia. Siku hizi wanakuja kubishana.

Kihisi cha leza, ambacho wao hukiita laida, ni kidude cha duara kinachokaa juu ya roboti na kuzunguka. Kinatuma mwanga usioonekana kwa macho, mwanga unagonga ukuta na kurudi, na kidude kinataja ukuta uko umbali gani. Kinafanya hivyo pande zote, mara maelfu kwa sekunde. Vya bei kubwa vingi hupima muda. Mwanga husafiri takriban sentimita 30 kwa nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kwa hiyo chombo kinachotaka kutambua kwamba ukuta umesogea sentimita 3 kinahitaji saa inayoweza kuhesabu moja ya tano ya nanosekunde hiyo. Vya bei nafuu vingi, kama hicho cha vijana wangu, havina saa ya namna hiyo. Vinapima kwa pembetatu: leza inatokea hapa, kamera ndogo imekaa pembeni yake, na umbali unapatikana kwa kuangalia nukta ya mwanga imeangukia wapi kwenye kamera. Mpima yeyote ataona ubaya wake papo hapo, maana hiyo ni pembetatu ndefu yenye kitako cha sentimita chache. Umbali ukiongezeka mara mbili, kosa linaongezeka mara nne. Chombo chenye kosa la sentimita moja kwenye mita 2 kitarajie kosa la sentimita 16 kwenye mita 8. Kwa hiyo hata kabla hatujaingia kwenye kompyuta, kusema "sentimita moja" bila kutaja umbali ni kusema nusu ya habari.

Sasa tuingie. Programu inayotumika sana kuigiza roboti ni Gazebo, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, mwaka 2002. Inatolewa bure na imesaidia wengi wasio na fedha ya kununua vyuma. Sina ugomvi nayo. Ila ndani yake hakuna mwanga unaokwenda wala unaorudi. Programu inanyoosha mstari kutoka kwenye roboti, inakokotoa mstari huo unaukata ukuta wapi, na inatoa umbali usio na kosa hata chembe. Waliotengeneza wanajua kwamba hakuna chombo cha hivyo duniani, ndiyo maana wameweka nafasi ya kuongeza kosa kwa makusudi: kila mstari unapewa namba ndogo ya bahati nasibu, mara ya kujumlisha, mara ya kutoa.

Hapo nilimwomba binti anifungulie faili lenyewe nisome. Katika mfano wa mafunzo ambao wanafunzi wengi wanaunakili kuna maelezo mafupi ya watengenezaji. Kwa maneno yangu, yanasema hivi: kihisi cha Hokuyo, kampuni ya Japani, kimetangazwa kuwa na usahihi wa milimita 30 kwa kuzidi au kupungua, kwa umbali chini ya mita 10, basi tukiweka wastani wa kosa kuwa sifuri na mtawanyiko (kiasi ambacho vipimo husambaa kuzunguka wastani) wa milimita 10, vipimo 997 katika kila 1,000 vitaangukia ndani ya milimita 30 za umbali wa kweli.

Hesabu iko sawa. Ninachokataa ni jinsi ile ahadi ya kiwandani ilivyotumiwa. Kampuni ikisema milimita 30, inasema chombo hiki kinaweza kukupotosha hadi kiasi hicho. Haijasema kitakupotosha leo mbele, kesho nyuma, kwa haki sawa. Kinaweza kuzidisha milimita 25 kutwa nzima, kila kipimo bila kukosa, na bado hakijavunja ahadi. Ndani ya kompyuta upotoshaji huo umegeuzwa kuwa mtikisiko unaojifuta wenyewe. Pima mara 100 uchukue wastani, ile milimita 10 inashuka kuwa milimita 1. Pima mara 10,000, imebaki sehemu ya kumi ya milimita. Laiti chombo kama hicho kingekuwa kinauzwa, migogoro ya mipaka katika wilaya zetu ingekwisha kwa mtu mmoja kukaa kivulini na kubonyeza kitufe.

Sisi wapima tunafundishwa mapema kutenganisha kosa linalotawanyika na kosa linalong'ang'ania. Tepu ya chuma ya mita 30 hulinganishwa kiwandani kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Ilaze juu ya udongo wa Tabora mwezi wa Oktoba, chuma kikifika nyuzi 40, tayari imerefuka karibu milimita 7 na kila umbali unaoupima unasomeka pungufu. Rudia utakavyo, jua ni lile lile na tepu ni ile ile, utapata jawabu lile lile lenye kasoro ile ile, tena utajisifu kwamba vipimo vyako vinakubaliana. Mashine za kisasa zinazopima kwa mwanga nazo zina lao. Prizimu, kile kioo kinachorudisha mwanga kwenye mashine, ikiwa na masahihisho ya milimita 30 na mshika mashine asiyaingize, kila mstari wa kiwanja unakosea milimita 30, na wastani wa vipimo 1,000 hautamsaidia kitu. Ndiyo maana watengenezaji wa mashine hizo huandika usahihi kwa vipande viwili, kwa mfano milimita 2 zisizobadilika na juu yake milimita 2 kwa kila kilomita. Mtu akikuandikia namba moja tu, muulize nyingine iko wapi.

Vijana hawakunielewa mpaka tulipotoka na hicho kitoroli. Tuliomba ruhusa kwenye jengo moja la zamani lenye korido inayozunguka ua. Mhariri, unayajua majengo yetu: ukuta umepakwa rangi ya mafuta kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua, kahawia au kijani kizito, ili uchafu wa mikono na maji ya kudekia yasionekane. Chokaa inaanzia juu. Kihisi cha roboti kimekaa sentimita 20 kutoka sakafuni. Hiyo chokaa hakiioni kabisa, kinaishi na rangi ya mafuta tu.

Tulivuta futi kutoka kwenye kihisi hadi ukuta wa mwisho: mita 4.00. Tukabandika karatasi nyeupe ukutani, kihisi kikasoma 4.01 na kikatulia hapo. Tukabandua karatasi. Kikasoma 4.05, kikaruka 4.07, kikarudi 4.06. Ukuta haujasogea, roboti haijasogea, kilichoondoka ni karatasi. Rangi nyeusinyeusi inameza mwanga, nukta inafifia, na kamera inakisia. (Karatasi za maelezo ya Hokuyo zenyewe hutaja usahihi kwa kupima karatasi nyeupe. Hilo halikufichwa, halisomwi tu.) Wastani wa usomaji wote ule ulikaa kwenye 4.06. Sentimita 6 za kung'ang'ania, na katika faili la kompyuta mahali pake pameandikwa sifuri.

Kwenye kuta za pembeni mambo yakawa makubwa zaidi. Rangi ya mafuta inang'aa, na leza ikiipiga kwa kuilalia inateleza kwenda mbele badala ya kurudi. Kihisi kinakosa jawabu. Kijana mmoja akakodolea macho kompyuta akasema, "Babu, inasema hapa hakuna ukuta." Nikamjibu, "Basi pita."

Mwisho wa korido kuna matofali ya matundu, na jioni jua linaingia humo na kuchora viraka sakafuni na ukutani. Mwanga wa jua una ile ile miali isiyoonekana ambayo kihisi kinaitegemea. Kila kiraka kilipoangukia, vipimo vilipungua au vilipotea. Niliwaomba wanionyeshe jua liko wapi ndani ya faili lao. Taa ipo, ya kupendezesha picha. Kihisi hakiijui.

Yapo mengine nitayapitia haraka. Mstari wa kwenye kompyuta hauna unene, lakini mwanga wa kweli una upana. Ukigonga ukingo wa fremu ya mlango, nusu yake inarudi kutoka kwenye fremu na nusu kutoka ukuta wa nyuma, na vihisi vingi vinatoa umbali wa katikati, mahali penye hewa tupu. Halafu kuna mapengo. Kihisi kinachotuma mstari mmoja kwa kila digrii, kwenye mita 6 kinaacha karibu sentimita 10 kati ya mstari na mstari. Mguu wa kiti unapita hapo salama. Na katika Gazebo ya zamani kila kitu huchorwa mara mbili, umbo la kutazamwa na umbo la kugongana, na kihisi cha kawaida husoma hilo la pili. Mchoraji akifanya uvivu, meza yenye miguu minne kwa macho inakuwa sanduku kwa leza. Na sakafu: roboti ikiinama digrii 2 tu kwa kupanda kizingiti, leza iliyo juu sentimita 20 inagonga sakafu kwenye mita 5.7 na kuripoti ukuta. Sakafu za kompyuta zimenyooka kuliko pimamaji yoyote niliyowahi kuishika.

La mwendo lakini lazima nilikalie. Kihisi cha vijana kinazunguka kama mara tano na nusu kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja unachukua sekunde 0.18. Roboti ikiwa inageuka kwa digrii 60 kwa sekunde, katika mzunguko mmoja imeshageuka karibu digrii 11. Maana yake kipimo cha kwanza na cha mwisho vya mzunguko ule havikupimwa kutoka sehemu moja wala mwelekeo mmoja, na usipovisahihisha kona za ramani zinapinda. Kwenye kompyuta mistari yote inachukuliwa kwa wakati ule ule, roboti ikiwa imegandishwa. Matokeo yake tuliyaona waziwazi. Korido waliyoichora kwenye kompyuta, kwa vipimo vya korido ile ile, roboti iliizunguka na ramani ikafunga vizuri, mlango wa kuanzia ukalala juu ya mlango wa kumalizia. Korido ya kweli ilirudi ikiwa imejikunja, milango miwili imeachana zaidi ya hatua moja. Vijana walinyong'onyea. Mimi nilifurahi, maana kosa la kufunga, yaani pengo linalobaki ukizunguka na kurudi ulipoanzia, ndilo linalomwambia mpima kazi yake ianzie wapi. Asiye nalo hana cha kurekebisha.

Waliporudi nyumbani walifanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa ndiyo sayansi. Walitengeneza jedwali. Karatasi nyeupe, rangi ya mafuta, bati, gunia. Kwa kila kimoja umbali wa futi upande mmoja na umbali wa kihisi upande wa pili, ana kwa ana na kwa mshazari. Kisha wakaandika kijiprogramu kinachochukua vipimo safi vya Gazebo na kuvichafua kwa kufuata jedwali: ukuta wa rangi ya mafuta unaongezewa sentimita zake, mistari inayolalia ukuta inafutwa, mzunguko unachukua muda wake. Roboti yao ndani ya kompyuta ikaanza kusitasita mahali palepale ilipositasita kwenye korido. Wakaifundisha upya, ikajifunza kwenda polepole karibu na kuta na kusimama isipoona kitu badala ya kudhani ni njia.

Wakaipeleka kwenye mashindano. Waandaaji siwataji, nia yao najua ni njema. Roboti ilishika nafasi za chini kwa sababu ilikuwa ya polepole. Juu yao walikuwa wenzao walioacha faili la kosa kama walivyolinakili, wastani sifuri, mtawanyiko milimita 10, wengine wameufuta kabisa, roboti zao zikipita katikati ya milango kwa kasi huku zimeacha nafasi ya vidole vitatu kila upande. Binti alipouliza, jaji mmoja alimwambia kwamba wameongeza ugumu ambao haukuhitajika. Mhariri, huo ugumu haukuongezwa na yeye. Umepakwa ukutani na fundi rangi.

Jaji mwingine alikuwa na ushauri: mkitaka usalama, ongezeni mtawanyiko, wekeni milimita 50 badala ya 10. Nao unasikika wa busara, na nimeukuta umeenea. Haufai. Kosa linalotawanyika, hata uliongeze mara tano, bado linajifuta kwa wastani, na programu ya kutengeneza ramani inalila kwa urahisi. Roboti inajifunza kutoamini kila kipimo kwa usawa, wakati korido inaitaka iamini karatasi, ishuku rangi ya mafuta na isiamini kabisa ukuta uliolaliwa. Wataalamu wa roboti wenyewe waliligawa suala hili zamani katika mafungu manne: vipimo vinavyogonga kitu chenyewe na kukosea kidogo, vinavyokatishwa njiani, kwa mfano na mtu anayepita, vinavyokosa jawabu na kusoma mwisho wa masafa, na takataka zisizo na maelezo. Ile namba ya kwenye faili inagusa fungu la kwanza pekee, tena nusu yake. Elimu ipo. Kinachokosekana ni waandaaji kuidai.

Sisemi mashindano ya kompyuta yafutwe. Kwa kujua kama roboti itasimama ikiamriwa, kama itachagua njia fupi, kama programu haitaganda katikati ya kazi, kompyuta inatosha na inaokoa vyuma visivunjike. Hata gharama naielewa: hata kihisi cha bei nafuu kinahitaji fedha, na si kila shule inayo. Ila kihisi kimoja kwa mkoa mzima kingetosha kutengeneza jedwali kama la vijana wangu. Kinahitaji siku chache, futi, karatasi nyeupe, kipande cha bati, ubao uliopakwa rangi ya mafuta, na mtu wa kuandika. Halmashauri zina wapima. Waombeni, watakuja na tepu zilizolinganishwa na watafurahi kuombwa kitu kisicho na kesi ndani yake.

Jedwali hilo liwe la lazima kwa washindani wote wa mkoa, litiwe ndani ya programu kabla ya siku ya mashindano, na timu isiruhusiwe kulifuta. Roboti inayodaiwa kupima kwa sentimita moja itamkiwe umbali, uso uliopimwa na mwanga uliokuwapo, na kosa linalong'ang'ania liandikwe peke yake, mbali na linalotawanyika. Gazeti lako nalo linaweza kusaidia kwa kuwauliza waandaaji maswali hayo kabla ya kuchapisha namba. Na kama kanuni za mwakani zitaendelea kukata alama kwa sababu ya mwendo wa polepole, basi zikate pia kwa kila roboti iliyopita mahali ambapo kihisi cha kweli kisingeona ukuta. Hiyo si kazi ngumu kwa majaji, kompyuta yao inajua ukuta ulipo.

Mpima ardhi mstaafu,
Isevya, Tabora